Dhahabu ya Mchezo: Nani Hasa Analipa?

Katika michezo ya mtandaoni inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kuna biashara ambayo wazazi wengi hawaijui, na ambayo wachezaji wameizoea mno hata hawaihoji tena. Mchezaji anakusanya sarafu za ndani ya mchezo, zile anazopata kwa kuua majoka, kuchimba madini au kuvua samaki, halafu anazitumia kupata kitu ambacho kampuni hukiuza kwa dola: uanachama, sehemu mpya ya mchezo, hata mchezo mwingine kabisa. EVE Online ya kampuni ya CCP ya Iceland iliianza rasmi biashara hii mwaka 2008 kwa bidhaa iitwayo PLEX. RuneScape ya Jagex, kampuni ya Cambridge, Uingereza, ikafuata mwaka 2013 kwa bondi zake. Blizzard ya Marekani ikaleta tokeni ya World of Warcraft mwezi Aprili 2015.

Ubishi wa jambo hili hukwama mahali palepale kila mara. Huyu anasema ni bure, yule anasema ni wizi, basi. Nimeona niupange upya kwa sauti tatu za watu wa ukoo mmoja: mpwa anayecheza Old School RuneScape kwenye simu, dada yake mkubwa ambaye ni wakala wa pesa za simu, na mjomba wao aliyestaafu kazi ya benki. Sikuwagawia ushindi sawa, kwa sababu hoja zao hazina uzito sawa, na penye haja nitaingia mwenyewe.

MPWA: Mjomba, mimi ni mwanachama kamili na sijatoa hata senti mfukoni. Nakwenda Wilderness, ile nyika ambako wachezaji wanaweza kuuana, naua majoka ya kijani, naokota mifupa na ngozi zake. Narudi mjini Varrock, naviweka sokoni Grand Exchange, vinanunuliwa. Sarafu zikitosha nanunua bondi moja, naitumia, napata siku 14 za uanachama. Kampuni haijaiona kadi yangu ya benki, na sina kadi ya benki.

MJOMBA: Hiyo bondi uliinunua kwa kampuni?

MPWA: Hapana, kwa mchezaji mwingine.

MJOMBA: Na yeye aliipata wapi?

MPWA: Aliinunua kwa kampuni. Kwa fedha halisi. Yeye hana muda wa kukimbizana na majoka, ana mshahara. Anataka sarafu, mimi nataka siku. Tunabadilishana.

MJOMBA: Basi usiseme bure, mwanangu. Sema umelipiwa. Kila siku 14 unazocheza wewe kuna mtu, huenda Texas, huenda Ujerumani, aliyezilipia kwa niaba yako, na wewe ukamlipa kwa jasho.

DADA: Na ameilipa kampuni zaidi ya ambavyo wewe ungeilipa. Chukua tokeni ya World of Warcraft. Kule Marekani ada ya mwezi mmoja ni dola 14.99. Tokeni inayotoa mwezi huohuo inauzwa dola 20. Mwenye fedha ananunua tokeni kwa 20, anaiuza mnadani kwa dhahabu, na mwenye dhahabu anapata mwezi wake. Kampuni imeweka kibindoni dola tano zaidi ya ambazo ingepata kama huyo mwenye dhahabu angelipa ada mwenyewe.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo watu wengi hupotea. Tumezoea kudhani kwamba anayecheza bila kulipa ni mzigo kwa kampuni, kwamba anavumiliwa tu. Hesabu ya Dada inaonyesha kinyume. Mchezaji asiyetoa fedha ndiye anayeifanya tokeni iuzike, kwa sababu bila watu wa kusota kukusanya dhahabu, mwenye dola hana wa kumuuzia. Mpwa yumo ndani ya biashara ya kampuni hiyo kwa mikono miwili, na mtu anayeingiza thamani mahali ana haki ya kuuliza maswali.

MPWA: Sawa, lakini ubaya uko wapi? Yeye kafurahi, mimi nimefurahi, kampuni imefurahi.

DADA: Mimi sisemi kuna ubaya. Tena kabla ya bondi na tokeni hali ilikuwa mbaya zaidi. Dhahabu ilikuwa inauzwa kwa magendo. Watu walikuwa wanaajiriwa China kukaa kwenye kompyuta usiku kucha wakikusanya dhahabu ya kuwauzia wachezaji wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2011 gazeti la Guardian la Uingereza lilichapisha maelezo ya aliyekuwa mfungwa wa kambi ya kazi ya Jixi, kaskazini mashariki mwa China. Alisema mchana walivunja mawe na kuchimba, usiku wakalazimishwa kucheza ili wakubwa wa kambi wauze dhahabu, na aliyeshindwa kufikisha kiwango alipigwa.

MPWA: Ndiyo maana Jagex walifunga biashara huru kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Ukitaka kumpa rafiki yako kitu cha thamani, mfumo unakataa. Wachezaji wakachukia, wengi wakaondoka. Kuanzia Desemba 2010 hadi Januari 2011 ikapigwa kura, zaidi ya kura milioni moja, asilimia 91 wakataka biashara irudi. Ikarudi. Lakini na magendo yakarudi pamoja nayo. Bondi zimekuja baadaye, ili anayetaka sarafu kwa fedha azipate kwa njia halali, bila kwenda kwa mtu asiyemjua anayeweza kumwibia akaunti.

DADA: Na magendo yakaisha?

MPWA: Hayakuisha. Yamepungua makali tu.

DADA: Hayawezi kuisha, kwa sababu bondi inakwenda upande mmoja. Dola inaingia, haitoki. Mwaka 2017, bolivari ya Venezuela ilipokuwa ikiporomoka, watu wa huko walikuwa wanaua majoka hayohayo ya kijani unayoyaua wewe, wanauza dhahabu kwa magendo, wanapata dola chache za kununulia chakula. Kwao, siku 14 za uanachama zilikuwa chombo cha kazi tu, walichohitaji ni unga. Na wachezaji waliokerwa wakaandika mwongozo wa jinsi ya kuwawinda Wavenezuela na kuwaua pale kwenye majoka, ili wapoteze walichokusanya.

MPWA: Walikuwa wanavunja sheria za mchezo, dada.

DADA: Walikuwa wanavunja. Na walikuwa na njaa. Yote mawili ni kweli, na bondi yako haikuwajibu.

Dada yuko sahihi, na mimi sioni namna ya kumpunguzia neno. Lakini kampuni nayo ina sababu ya kuuziba mlango wa kutokea. Blizzard waliwahi kuufungua. Diablo III ilitoka Mei 2012, na mwezi uliofuata ukafunguliwa mnada ambamo mchezaji aliuza panga au ngao kwa dola halisi, na kampuni ikakata chake. Mnada huo ulifungwa tarehe 18 Machi 2014, na walioutengeneza wakakiri wenyewe kwamba ulikuwa umeharibu mchezo: watu waliacha kuwinda silaha, wakawa wananunua. Kwa hiyo kubadilisha sarafu kwa maudhui ya kulipia, bila kuruhusu kugeuza sarafu kuwa fedha, ni uamuzi wenye akili. Sitailaumu kampuni kwa hilo.

MJOMBA: Tuache Venezuela kidogo, tuje hapa nyumbani. Mwanangu, bondi moja ni sarafu ngapi?

MPWA: Inapanda na kushuka. Ilipoanza kwenye Old School mwaka 2015 ilikuwa milioni chache tu. Siku hizi imepita milioni 10. Tuseme 13.

MJOMBA: Na wewe kwa saa moja unapata ngapi?

MPWA: Nilipoanza, laki tatu hivi kwa saa ikiwa siku ni nzuri.

MJOMBA: Milioni 13 ugawe kwa laki tatu. Ni saa 43. Saa 43 kwa siku 14 ni zaidi ya saa tatu kila siku, Jumapili na sikukuu zimo, ili tu uruhusiwe kucheza siku nyingine 14. Na hiyo bondi, tuseme kampuni inaiuza dola 8. Umejilipa chini ya senti 20 za dola kwa saa. Kwa fedha yetu ya Tanzania haifiki hata shilingi 500. Ukifua nguo za jirani utapata zaidi.

MPWA: Mjomba, ile si kazi. Ningecheza tu hata kama hakuna bondi.

MJOMBA: Ungeua majoka yaleyale saa 43?

MPWA: (Akanyamaza kidogo.) Si yaleyale. Ningefanya misheni. Ningetembea.

MJOMBA: Basi hizo saa za majoka ni kazi. Saa za misheni ndiyo mchezo.

DADA: Lakini mjomba, hesabu yako ni ya mgeni. Mwenyeji aliyekwishapanda viwango anapata milioni mbili, tatu kwa saa. Kwake bondi ni saa tano. Hiyo ni jioni mbili kwa wiki mbili.

MJOMBA: Na huo ndio uchungu wake. Anayeanza, ambaye ndiye hana fedha, anatozwa saa nyingi zaidi. Aliyekwisha kupanda anatozwa chache.

Katika mjadala wote huu, hoja hii ya Mjomba ndiyo ningependa vijana waishike. Haihitaji elimu ya uchumi. Chukua bei ya bondi, tokeni au PLEX, igawe kwa unachopata kwa saa, halafu jiulize kama saa hizo ungezicheza hivyohivyo bila deni. Kama jibu ni ndiyo, una bahati, umepata uanachama kwa kufanya unachokipenda. Kama jibu ni hapana, umeajiriwa, na ujira ni ule alioutaja Mjomba. Tena saa ya uanachama haisimami: ukiugua wiki moja, ukiwa na mtihani, ukikosa bando, siku zinaendelea kukatika. Nimeona vijana wakiamka alfajiri kukusanya sarafu kwa sababu uanachama unaisha kesho, na nyuso zao hazikuwa nyuso za watu wanaocheza.

MPWA: Basi tuseme na upande wa pili. Mwenye fedha ananunua bondi, anaziuza, anapata mamilioni ya sarafu kwa dakika tano, anavaa silaha bora kuliko mimi niliyesota miezi. Wachezaji wa World of Warcraft Classic walilalamika sana tokeni ilipoingizwa kwao mwaka 2023. Walirudi Classic ili waupate mchezo wa zamani, ule ambao dhahabu unaitafuta mwenyewe.

DADA: Hilo mimi halinisumbui sana. Kwenye EVE anayenunua PLEX anaweza kuinunua meli kubwa ya anga leo na kuipoteza kesho. Mwaka 2010 kuna mchezaji alipakia PLEX 74 kwenye kimeli kidogo aina ya Kestrel, wakati huo PLEX moja ni mwezi mzima wa kucheza. Akalipuliwa karibu na Jita, kule kwenye soko kuu. Zaidi ya miaka sita ya ada ikapotea kwa mpigo mmoja, na aliyemlipua hakupata kitu kwa sababu mzigo uliungua. Fedha ilimpa mzigo. Akili ya kuulinda haikuuzwa.

Nakubaliana na Dada hapo, na sitakaa sana. Malalamiko kwamba tajiri ananunua ushindi yana ukweli wake katika michezo ya mapambano ya mtu na mtu, ila kila mchezo una jibu lake na wachezaji wake wanalijua kuliko sisi.

MPWA: Mjomba, wewe ulikuwa benki. Mbona hapa kwetu tulifanya hivihivi? Umeniambia mwenyewe kwamba kabla ya M-Pesa watu walikuwa wanatumiana salio la simu kama fedha. Unamtumia mtu kijijini vocha, anaiuza kwa muuza duka, anapata noti. Salio ni mali ya kampuni ya simu, lakini watu waliligeuza kuwa fedha. Dhahabu ya mchezo ina tofauti gani?

MJOMBA: Swali zuri. Nitalijibu hivi: salio lilitumika kama fedha kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na watu walilia siku walipodhulumiwa, kwa kuwa hapakuwa na pa kulalamika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, jambo kubwa halikuwa simu. Jambo kubwa ni kwamba kila shilingi unayoiona kwenye simu lazima iwe na shilingi iliyokaa benki, kwenye akaunti maalumu ya dhamana, ambayo kampuni ya simu hairuhusiwi kuila. Hapa kwetu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 imeliweka hilo bayana. Dada yako akiishiwa floti anajua pa kuipata.

DADA: Na mteja akikosea namba, kuna utaratibu wa kurudisha. Kuna namba ya kupiga. Kuna Benki Kuu juu.

MJOMBA: Sasa niambie, mwanangu. Nyuma ya sarafu zako milioni 13 kuna nini?

MPWA: Kuna bondi ninayoweza kununua.

MJOMBA: Kwa bei inayopangwa na soko ambalo seva zake ni za kampuni. Kesho wakizizima?

Hili si swali la kubuni. Tarehe 23 Januari 2023 mkataba kati ya Blizzard na NetEase, kampuni iliyokuwa ikiendesha World of Warcraft China Bara, ulifika mwisho bila kuhuishwa, na seva zikazimwa. Mamilioni ya wachezaji wakabaki nje, na dhahabu yao, silaha zao na miaka yao vikabaki ndani. Mchezo ulirudi katikati ya mwaka 2024, karibu mwaka mmoja na nusu baadaye, na akaunti za zamani zikafunguliwa. Walibahatika. Hakuna mkataba wa mchezo ninaoufahamu unaomwambia mchezaji kwamba sarafu ni mali yake. Inaandikwa wazi kuwa ni leseni, na kampuni inaweza kuifuta, kuibadilisha au kukufungia akaunti.

MPWA: Kwa hiyo wote ni matapeli?

DADA: Hapana. Angalia CCP. Mwaka 2007 waliajiri mchumi kabisa, Eyjólfur Guðmundsson, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Akureyri. Kazi yake ilikuwa kufuatilia uchumi wa EVE: kiasi cha fedha kilichopo, bei zinavyokwenda, nini kinaharibiwa na nini kinatengenezwa. Mpaka leo CCP huchapisha ripoti ya uchumi ya kila mwezi, na mchezaji yeyote anaisoma. Na PLEX hizohizo wachezaji walizichangia wahanga wa tetemeko la Haiti mwaka 2010, kampuni ikazigeuza kuwa dola na kuzipeleka. Ikitaka, kampuni inaweza kuweka hesabu mezani.

MJOMBA: Ikitaka. Benki haiulizwi kama inataka.

DADA: Na mimi niseme la kibandani kwangu. Watoto wanaokuja kwangu hawachezi RuneScape. Wanacheza Free Fire. Wanaleta shilingi elfu mbili, elfu tatu, wanataka dayamondi. Mule kuna sarafu mbili: dhahabu unayoipata kwa kucheza, na dayamondi unayoinunua kwa fedha. Dhahabu haigeuki kuwa dayamondi. Hakuna soko, hakuna mnada, hakuna tajiri wa Texas wa kukulipia. Mtoto akitaka ile nguo ya msimu, ni fedha ya mama yake tu. Na dayamondi huuzwa kwa mafungu, nguo ina bei yake ambayo hailingani na fungu lolote, zinabaki chache ambazo hazitoshi kitu, kesho anarudi tena kuongeza. Kwa hiyo mjomba, ukimsema huyu mdogo wangu na bondi zake, kumbuka kwamba yeye angalau ana mlango wa kupitia.

MJOMBA: Hapo umenigusa.

Nami amenigusa. Mara nyingi tunaukemea utaratibu wa bondi na tokeni kwa sababu unaonekana, una bei inayopanda na kushuka mbele ya macho ya watu, huku tukiupita kimya ule unaowala watoto wetu kila siku kwenye simu za wazazi. Kati ya mifumo hii miwili, ule wa kubadilisha sarafu kwa uanachama ndio wenye heshima zaidi kwa mchezaji. Unakubali kwamba muda wake una thamani, na unamwachia uchaguzi kati ya muda na fedha. Mchezo wenye sarafu mbili zilizotenganishwa kwa ukuta haumwachii chochote ila mfuko.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Biashara ya Mpwa ni halali, na aendelee nayo maadamu anaipiga ile hesabu ya Mjomba kila bei inapopanda. Kampuni inayouza bondi, tokeni au PLEX inadaiwa mambo matatu: kuchapisha hesabu za uchumi wake kama CCP, kutoa taarifa miezi kadhaa kabla ya kuzima seva au kubadilisha thamani ya ulichokwisha kununua, na kumwachia mchezaji nafasi ya kusimamisha siku zake akiwa na dharura. Na kwa michezo ya dayamondi, bei ya kila kitu iandikwe kwa fedha halisi pembeni ya bei ya sarafu. Mwezi Machi 2025 mamlaka za kuwalinda walaji za Umoja wa Ulaya zilitoa kanuni zinazotaka hivyohivyo, na zikapinga mtindo wa kumlazimisha mteja kununua sarafu nyingi kuliko anazohitaji.

Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zote zimepewa na sheria kazi ya kumlinda mlaji. Zianze na hilo la bei: mtoto aliye kwenye kibanda cha Dada na shilingi elfu tatu mkononi aione kwa shilingi bei ya nguo anayoitaka, kabla hajazitoa.